Chui Alipompima Mbuzi

Mkono wa kushoto wa Orpha ulikuwa mali ya Germaine. Ndivyo Germaine mwenyewe alivyouona, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Yeye ndiye aliyeukuta umelegea, hauna mbele wala nyuma, akaufundisha kwa miaka mitatu nyuma ya vibanda vya samaki pale soko la Kashikishi, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka ukajua kutoka na kurudi kabla mtu hajapepesa jicho. Kisha siku ya mchujo wa klabu ya ndondi, mkono huohuo ulitua usoni mwa Germaine mara kumi na tisa. Alizihesabu. Nani asingehesabu, akipigwa na kitu alichokitengeneza mwenyewe?

Kochi Roger aliinua mkono wa Orpha, watu wakapiga makofi, na Germaine akapiga makofi pia. Aliyapiga kwa nguvu kuliko wote. Mwenye wivu ajinyonge, watu husema, lakini wengi wa wenye wivu hawajinyongi. Wanapiga makofi na kurudi sokoni kuuza.

Alikuwa na miaka thelathini na tatu. Alizaliwa kisiwani Kilwa, kile kilicho ndani ya ziwa hili upande wa Zambia, kwa mama wa kisiwani hapohapo, lakini baba yake alikuwa mfanyabiashara Mkongomani, na Germaine akakulia ng'ambo ya ziwa, Pweto, upande wa Kongo. Huko Pweto baba yake mdogo alikuwa na gunia la mchanga limening'inizwa darini mwa ghala, na vijana wa mtaa walikuja kulipiga jioni. Germaine alikuwa msichana peke yake kati yao. Walimcheka mpaka siku alipomtoa mmoja wao damu puani, ndipo wakaacha kucheka na kuanza kumkwepa. Machafuko yalipofika upande ule, alipanda boti akiwa na binti yake Arlène mgongoni, akarudi kwa watu wa mama yake. Alikuwa na kitambulisho cha Zambia, kwa hiyo hakwenda kambi ya wakimbizi ya Mantapala kama jirani zake wengi. Alikaa Nchelenge, akaanza kununua chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa hili, kuwaanika na kuwauza kwa gunia.

Mume alikuja, mume akaondoka. Hilo halikumnyima usingizi. Kilichomnyima usingizi ni kimoja tu. Tangu utotoni alitaka asimame siku moja ulingoni mbele ya watu wa mataifa, jina la nchi likiwa mgongoni mwake. Hakuwahi kumwambia mtu. Mwili wake ndio ulioonyesha, maana wenzake wa umri ule walikuwa wamenenepa kwa uzazi na mafuta ya mawese, yeye alibaki na kilo hamsini na tatu, haziongezeki, hazipungui.

Na mwaka huu bahati ilikuja mpaka mlangoni. Mashindano ya kanda, yanayokusanya wilaya zote za kaskazini, yalipangwa kufanyika Nchelenge, na mshindi wa kila uzito angechukuliwa kwenda kwenye Michezo ya kimataifa. Kila klabu ilete bondia mmoja kwa kila uzito, na wa akiba mmoja. Uzito wa wanawake wa kilo hamsini na nne, Kochi Roger aliandika Orpha. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, akaandika Germaine. Labda herufi zilikuwa sawa. Germaine aliziona ndogo.

Orpha alikuwa na miaka ishirini na miwili, mrefu kidogo, mwenye kicheko cha kusikika mpaka gatini. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomchoma Germaine zaidi. Angekuwa na majivuno, angechukiwa kwa raha. Lakini alikuwa anamletea Arlène mihogo, anambebea Germaine magunia, anamwambia kila mtu, "Njo huyu alinifundisha." Kila aliposema hivyo, Germaine alisikia: huyu amekwisha.

Hakuna aliyeshtuka kusikia maneno makali ya Germaine, kwa sababu walikuwa watani. Germaine alikuwa wa ukoo wa Chui, Orpha wa ukoo wa Mbuzi, na kando ya ziwa hili, huku na ng'ambo, koo hizo mbili zina utani tangu mababu. Chui ni wa kula, Mbuzi ni wa kuliwa. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mchungaji, kukunyang'anya kitambaa kichwani, kukuambia umezaliwa kwa makosa, na watu wakacheka. Siku ukifa ndiye anayekuzika. Kwa hiyo Germaine alipomwita Orpha kichwa kama chungu cha bukari, ugali wa ng'ambo, wote walishika mbavu. Kabla ya kila pambano walimdai, "Chui, tukana Mbuzi yako!" Naye alitukana, na Orpha alishinda, mpaka ikawa imani ya soko zima kwamba matusi ya Germaine ndiyo dawa ya Orpha. Hivyo wivu wake ulitembea mchana kweupe, umevaa nguo za sikukuu, ukishangiliwa.

Upimaji rasmi wa uzito ulikuwa Ijumaa asubuhi. Alhamisi jioni Orpha alikuja kibandani kwa Germaine kama alivyozoea, avue ndala, apimwe.

Mizani ya Germaine, au kilo kama wanavyoiita sokoni, ilikuwa ile ya kuning'iniza, yenye ndoana chini na uso wa saa. Na hapa ni lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa ufukweni analijua: mizani ya mnunuzi hula. Mvuvi akileta chisense, mizani ya mama anayenunua husoma pungufu. Mvuvi anajua, mama anajua, na wanabishana bei wote wakijua. Ya Germaine ilikula kilo moja na nusu. Kwa hiyo kila alipompima Orpha, aliisoma sindano, akaongeza kilo moja na nusu kichwani, ndipo akatamka. Kwingine Orpha hakwenda. Mizani za wengine nazo zilikula, na nani ajue zinakula kiasi gani? Alimwamini mtani wake.

"Chui, nipime," Orpha alisema.

"Mbuzi haipimwake," Germaine akajibu. "Inachinjwaka tu."

Marlène, muuza vitunguu wa kibanda cha pili, akaanza kucheka kabla ya mengine. Orpha akaishika ndoana kwa mikono miwili, akakunja magoti, akaning'inia hewani.

"Angalieni samaki yenye mafuta!" Marlène akapiga kelele.

Sindano ilitikisika, ikatulia kwenye hamsini na tatu na nusu. Germaine akaongeza kichwani: hamsini na tano. Imezidi kilo moja. Si jambo la kutisha. Walishawahi kuipunguza kwa usiku mmoja, mtu akilala bila kula na kukimbia alfajiri. Maneno yalikuwa tayari ulimini: lala na njaa, asubuhi na mapema nitakuja kukuamsha.

Orpha alishuka akisugua viganja. Akatabasamu kwa upendo wote wa dunia, akasema, "Chui, bakinipa survet mupya ya taifa, hii ya zamani ntakuachia weye. Iko muzuri bado."

Germaine aliitazama suti ile ya michezo, bluu, imepauka magotini. Alijiona ameivaa, amekaa hapahapa nyuma ya mizani, akimtazama Orpha kwenye simu ya Marlène, jina la nchi mgongoni. Nguo kuukuu! Yeye aliyemfundisha hata kufunga bandeji, aachiwe nguo kuukuu, tena kwa wema!

"Ngapi?" Orpha aliuliza.

"Makumi tano na tatu na nusu."

"Ulishaongeza?"

"Nilishaongeza."

Ni neno moja tu hilo, na halikumchukua hata nusu ya pumzi. Orpha aliruka kwa furaha, akamkumbatia, akaenda kwao. Usiku ule akala bukari na samaki, si nyingi, lakini alikula kwa moyo mweupe, akanywa na maji juu yake.

Ijumaa ukumbi wa shule ulijaa mabondia waliojifunga taulo, wengine wakitema mate kwenye chupa ili wapungue. Mizani ya chama cha ndondi ilikuwa ya kukanyaga, yenye namba za kuwaka. Mlango ulifunguliwa saa moja na ungefungwa saa mbili kamili. Orpha alipanda akicheka. Namba zikasoma hamsini na tano na nukta moja.

Kicheko kilikatika. Alishuka, akapanda tena, kana kwamba mizani ingemwonea huruma.

"Orpha!" Kochi Roger alifoka. "Ulikula nini weye? Ulikuwa mu harusi?"

"Bukari kidogo, kochi. Nilikuwa na nafasi." Akamgeukia Germaine, macho yamemtoka. "Kilo yako inaharibika?"

Hapa palikuwa na mlango wa kutokea, nao ulikuwa wazi. Germaine aliuona, akaupita. "Kilo ya samaki ni kilo ya samaki," alisema. "Mutu njo alikula, hapana kilo."

Walibaki na dakika arobaini na tano. Walimvisha Orpha mifuko ya plastiki chini ya ile suti ya bluu, jaketi mbili juu, wakamwambia azunguke uwanja wa shule. Jua lilikuwa limeshaanza kuuma. Germaine alikimbia kando yake akimhesabia mizunguko, maana ndiyo kazi aliyopewa, na Orpha alikuwa anamshukuru kila mzunguko. Jasho lilimtiririka usoni likichanganyika na machozi, hakuna aliyejua lipi ni lipi.

Zikiwa zimebaki dakika ishirini, Germaine alitazama kichwa cha Orpha. Alikuwa amesuka juzi kwa ajili ya picha, nywele za bandia ndefu mpaka kiunoni, pakiti tatu. Nzito zikilowa jasho. Germaine anapima vitu kwa macho kila siku ya maisha yake. Alijua zile nywele zina gramu mia tatu, hazipungui. Na wembe wa kupasulia midomo ya magunia alikuwa nao mfukoni. Aliendelea kuhesabu mizunguko.

Saa mbili kasoro dakika moja Orpha alipanda mara ya mwisho, amevua kila kilichoweza kuvuliwa nyuma ya pazia. Hamsini na nne na nukta mbili. Gramu mia mbili. Mama wa chama aliyesimamia mizani alitazama saa ya ukutani, akalikata jina la Orpha daftarini, akasema kwa Kibemba kwamba anasikitika sana.

"Nywele!" Kochi Roger akajipiga kichwani kwa kofi. "Yesu wangu, nywele! Juu ya nini hakuna mutu aliwaza nywele?"

Germaine alikuwa tayari amevua viatu. Alipanda akasoma hamsini na tatu na nukta mbili, na jina lake la chini likawa jina pekee.

Sitasema alipigana vibaya, kwa sababu hakupigana vibaya. Ijumaa alasiri alimshinda msichana wa Mbala kwa majaji wote watano. Jumamosi, fainali, alikutana na Matildah wa Mansa, mrefu, mikono kama makasia, na raundi ya kwanza alikula ngumi za kutosha. Kwenye kona, aliyemsubiri na ndoo na sponji alikuwa Orpha. Nani mwingine? Wa klabu ni wa klabu.

"Yeye anashusha mukono ya kuume akichoka," Orpha alimwambia, akimpangusa damu mdomoni taratibu. "Ngojea tu. Kushoto, Chui. Ile kushoto yako."

Ile kushoto yako! Germaine alirudi katikati ya ulingo na maneno hayo yakimuunguza kuliko mdomo uliopasuka. Alingoja, mkono wa Matildah ukashuka, kushoto kukatoka. Kukatoka tena. Mwisho wa raundi ya tatu majaji watatu walimpa yeye, wawili wakampa Matildah. Refa akainua mkono wake, na spika ikatangaza jina lake kwa Kiingereza na kwa Kibemba. Kitu alichokitaka tangu gunia la mchanga la Pweto kilikuwa kimefika, kiko mkononi.

Alipokuwa anashuka ngazi alimsikia mtu nyuma ya kamba akimwambia mwenzake, "Ingekuwa Orpha, hii fight ingeisha raundi ya kwanza." Mwenzake akajibu, "Masikini Orpha. Na bado anamushikia ndoo. Ana roho nzuri yule mutoto."

Basi hata leo! Hata leo, medali ikiwa bado ya moto shingoni, waliyemwona ni Orpha.

Jioni ile sherehe ilikuwa sokoni Kashikishi, mbele ya kibanda chake mwenyewe. Wanawake walipiga vigelegele, soda zikafunguliwa, chisense zikakaangwa kwa pilipili. Kila aliyempongeza Germaine kwa mkono mmoja alimpapasa Orpha bega kwa mkono mwingine. Pole, Orpha. Mungu yupo, Orpha. Mwaka mwingine, Orpha. Orpha alikuwa amechuchumaa pembeni, anafua bandeji za Germaine kwenye ndoo. Hakuna aliyemtuma.

"Chui!" Marlène akapaza sauti. "Leo hautukane Mbuzi yako? Tukana, tusikie!"

Watu wakaitikia, wakaanza kupiga makofi kwa mdundo. Germaine akasimama. Midomo ilikuwa imevimba, na kifuani kulikuwa na kitu kilichovimba zaidi. Sitaki mtu aseme kwamba ilikuwa toba. Toba ni kitu kingine. Alitaka wajue kwamba yule wanayempapasa amepigwa, amepigwa naye, Germaine, tena bila kuinua ngumi.

"Munamulilia Orpha?" alisema. "Miye njo nilimushinda. Alhamisi alikuwa na makumi tano na tano, niliona na macho yangu. Aliniuliza kama nilishaongeza, nikasema nilishaongeza. Nilimudanganya! Na nywele yake, niliwaza nywele mbele ya kochi kuwaza. Wembe ilikuwa mu mufuko yangu. Nilinyamaza!"

Soko likalipuka kwa kicheko. Marlène aliangukia vitunguu vyake. Kochi Roger alijipiga paja, akafuta machozi, akasema, "Chui ya kweli hii! Ilikula Mbuzi muzima na pembe!" Mtu akapiga filimbi. Hakuna tusi lake lililowahi kuchekwa namna ile.

"Ni kweli!" Germaine alipiga kelele. "Nasema kweli!"

Ndipo wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Alitazama kule kwenye ndoo. Orpha alikuwa amewapa mgongo, mikono majini, mabega yakitikisika. "Muone Mbuzi mwenyewe anacheka," Marlène alisema, na Germaine akashika hilo, akalala nalo.

Jumapili hawakuonana. Jumatatu asubuhi Germaine alifungua kibanda mapema. Barua ya safari ilikuwa imeshakuja kwenye simu ya kochi: Lusaka wiki mbili kambini, kisha ndege. Alikuwa anamwaga chisense juu ya turubai alipomwona Orpha akija kati ya vibanda, si kwa mwendo wake wa kurukaruka, bali kwa mwendo wa mtu anayekwenda kanisani. Mkononi alishika kuku jike mwekundu, amefungwa miguu.

"Kumbe Mbuzi inafuga kuku," Germaine alisema haraka, akicheka peke yake. "Unaleta mutoto yako nimulee?"

Orpha aliinama, akaweka kuku juu ya meza, kando ya mizani. Marlène, aliyekuwa amekwisha kufungua mdomo acheke, aliufunga. Watu wa ziwa hili wanajua maana ya kuku huyo, hata watoto. Mtani hana ruhusa ya kukasirika; umtukane, umnyang'anye, atacheka. Aliyekasirika kweli, amekiuka, na faini yake ni kuku mmoja, ampelekee mtani wake mkononi. Ndiyo namna pekee ya kusema: uliyoyafanya hayakuwa utani, na mimi nimeyapokea kama yalivyo. Mara nyingi wawili hao humchinja, wakamla pamoja, utani ukaanza upya. Germaine alitafuta kisu. Akavuta na kigoda cha pili, akakipangusa kwa kanga yake.

"Kaa," alisema. "Kaa, tumupike sasa hivi."

Orpha hakukitazama kigoda. Alikunja magoti kidogo, akapiga viganja polepole, kama binti anavyomsalimu mama wa mtu asiyemfahamu sana.

"Jambo yenu, mama Arlène," alisema. "Mutakula salama. Na mwende safari muzuri."

Miaka mitatu hakuwahi kumwita hivyo. Germaine alisikia heshima ile ikimpiga mahali ambapo ngumi za Matildah hazikufika. Orpha akageuka, akaondoka kwa njia aliyoijia, mgongo umenyooka, na Germaine, aliyekuwa na medali ndani ya sanduku na safari mbele yake, alimwonea wivu hata kwa hilo: alijua kukasirika, akakasirika, akamaliza.

Alifungua mdomo amwite, kama alivyomwita kila siku akivuka soko. Neno lilikuwa tayari, Mbuzi we. Lakini kuku alikuwa mezani, na Marlène anatazama, na kuanzia asubuhi hiyo neno hilo lingekuwa tusi la kweli.